Sahani ya Mtu Mmoja

Katika mji wa Kasongo, huku Manyema ya Kongo, kama katika miji mingi iliyokuzwa na watu wa misafara, mtu hakuzoeshwa tangu utotoni kula peke yake. Alizoeshwa kula katika sinia, mkono wake ukipishana na mikono ya nduguze ubavuni mwa kilima cha wali, akafundishwa mapema kwamba upande ulio mbele yake ndio wake na kwamba nyama haiguswi kabla mkubwa hajaigawa. Kwa hiyo si ajabu kwamba mtu mzima, mwenye fedha zake halali mfukoni na njaa yake ya haki tumboni, akifika mbele ya mlango wa mkahawa katika mji asikomjua mtu, husimama kidogo, hutazama huku na huku kana kwamba ana miadi na rafiki aliyechelewa, kisha huondoka akanunua mikate miwili ya mafuta na kuila huku anatembea. Nimemwona mtu huyo mara nyingi, na zaidi ya mara moja nimekuwa yeye. Makala haya ni nasaha kwake, na kwa kiasi kidogo kwa wale wampokeao.

Tuanze na hiyo haya yenyewe, maana nasaha zote zitakazofuata hazimfai mtu ambaye bado anaogopa kuvuta kiti. Katika fikira za watu wetu mlaji pekee hushukiwa mambo matatu: ama ni mchoyo ajifichaye asigawe, ama ana neno na watu wa nyumbani kwake, ama amefikwa na jambo ambalo halisemeki mbele za watu. Dhana hizi si za kipumbavu, kwa kuwa zilizuka katika nchi ambayo chakula kilipikwa nyumbani tu, na yule asiyeonekana kwenye sinia la kwao wala la jirani hakukosa sababu. Wala hatukuwa wa kwanza kudhani hivyo. Wafasiri wa Kurani wanasimulia habari za Waarabu wa kabila la Kinana, waliohesabu kula peke yako kuwa ni fedheha, hata mmoja wao aliweza kuwaswaga ngamia wake wenye viwele vilivyojaa maziwa, naye ana njaa, mpaka apate mtu wa kunywa pamoja naye; na wanasema kwamba kwa ajili ya dhiki kama hiyo ndipo aya ya 61 ya Sura ya Nur ilipoondoa lawama kwa walao pamoja na kwa walao mbalimbali. Imamu Ghazali naye, aliyefariki mwaka 1111, alipotunga kitabu cha adabu za kula ndani ya Ihya, alianza na adabu za mtu alaye peke yake, ndipo akaingia katika adabu za jamaa na za kumkirimu mgeni. Mtu mwenye elimu yake hakuona kwamba mlaji pekee ni kiumbe wa kusikitikiwa. Alimwona kuwa ni mtu mwenye adabu zake, na akampa mlango wake wa kwanza.

Zamani msafiri hakuhitaji mkahawa kwa sababu alikuwa na mwenyeji. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, ameeleza jinsi kila mfanya biashara aliyeshuka chomboni alivyochukuliwa na kijana wa mji hata nyumbani kwa kijana huyo, akala na kulala humo, na mwenyeji wake ndiye aliyemwuzia na kumnunulia. Yeye mwenyewe aliletewa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, pamoja na ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa; akastaajabu kuona kwamba mtu mmoja wa mji ule hula kiasi cha kundi zima la watu wa kwao, habari ambayo mimi hupenda kuwakumbusha waonao haya kuongeza wali. Huku Manyema mambo hayakuwa mbali na hayo. Livingstone alifika Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, mwaka 1869 pamoja na watu wa mfanya biashara Muhammad Bogharib, ambaye mwanzoni mwa mwaka ule ule alikuwa amemwuguza njiani alipougua mapafu; na aliporudi hapo Julai 1870, miguu imeoza kwa vidonda, hakuondoka tena hata Februari 1871. Hakukuwa na mkahawa Kabambare wakati ule. Kulikuwa na nyumba za watu, na vyungu vya watu. Na jeshi la Dhanis, afisa wa Kibelgiji, lilipoingia Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, tabibu wake, Hinde, alishangazwa na wingi wa sukari, mishumaa, viberiti, na bilauri za fedha na za kioo alizozikuta katika majumba ya Waungwana, wale watu wa misafara, waliokimbia. Nasi twaweza kukisia kwamba bilauri nyingi namna ile hazikununuliwa na watu waliokula kila mtu peke yake.

Mwenyeji huyo wa kale hakufa, amehama. Leo ni yule mama mwenye vyungu vitatu na benchi mbili kando ya soko, au yule kijana mwenye kitambaa begani katika chumba chenye meza nne, na kwa muda wa saa moja, kwa fedha kidogo ulizo nazo, ndiye anayesimama mahali pa yule aliyemshika mkono mgeni chomboni. Kumlipa hakumwondolei cheo hicho. Msafiri akilishika hilo moja, sehemu kubwa ya niliyokusudia kuyaandika ataibuni mwenyewe. Walakini kuna mambo ya nchi ambayo busara peke yake haiyafichui, nami nitayataja.

La kwanza ni la lugha. Mtu atokaye Kigoma au Mombasa, aliyezoea kusema “twende hoteli” akimaanisha twende tukale, ajue kwamba huku kwetu hoteli ni mahali pa kulala, na akiuliza hoteli saa sita mchana atapelekwa kwenye kitanda, na pengine atatazamwa kwa jicho la kuuliza. Mahali pa kula chakula cha mchana pa watu wa kawaida huitwa malewa, neno lililotujia na Kilingala, na apikaye hapo ni mama malewa. Penye vinywaji vikali na muziki ni nganda, na mlaji pekee asiyetaka maneno mengi ataona raha zaidi asipopatafuta hapo. Neno mkahawa limebaki katika vitabu na katika vinywa vya wazee. Mimi nalitumia kwa mapenzi, maana lina harufu ya kahawa ndani yake.

La pili ni la wakati, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wageni wengi wanapoharibikiwa. Malewa haipiki kwa kuagizwa. Mama hununua asubuhi kiasi anachojua kwamba kitauzika: sombe, yaani majani ya muhogo, iliyotwangwa, samaki wa Lualaba au wa Luama, wabichi au wa kukaushwa, maharagwe, lengalenga, unga wa muhogo kwa bugali, na mchele, ambao katika nchi hii ni mazao ya heshima tangu Waungwana walipoyaeneza mashamba yake, hupika mara moja, hufunika, na huuza mpaka chungu kitoe sauti ya upawa unaogonga chini. Ukifika chakula ndiyo kwanza kimeiva, utachagua. Ukifika saa nane, utakula kilichobaki. Ukifika saa kumi, utaambiwa kwa upole kwamba umechelewa. Katika nyumba zenye meza na kitambaa cha meza mambo ni kinyume, kwani hapo kuku uliyemwagiza aghalabu bado anatembea uani, na kati ya neno lako na sahani yako kuna kisu, maji ya moto, manyoya, mkaa uliokataa kushika, na mtoto aliyetumwa kutafuta vitunguu. Kuuliza “bado?” kila dakika kumi hakumkomazi kuku. Ulizia tangu mwanzo itachukua muda gani, ongeza nusu yake kimoyomoyo, kisha nenda ukaoge, au ukawaamkie wazee, au ukae barazani uitazame njia.

Mimi nilijifunza jambo hili Kabambare, mwaka mmoja wa mvua nyingi, nilipofika jioni nyuma ya pikipiki, matope yamenipanda hata magotini na mfuko wangu umelowa na kila kilichomo. Nilimkuta mama mmoja anasugua sufuria kwa majivu. Bila salamu ya maana nikamwuliza kuna nini cha kula, naye akanijibu bila kuinua kichwa: “Chakula kimeisha, papa. Ungetuma mtu asubuhi.” Nilisimama pale nikitonatona maji, sina la kusema. Baada ya kitambo akaniuliza natoka wapi, na ni nani ninayemjua hapa. Nikasema natoka Kasongo na simjui mtu. Akaweka sufuria chini, akafukua jivu kutafuta kaa lililo hai, akapuliza. Ilipita zaidi ya saa moja kabla sijauona ule wali, na kitoweo chake kilikuwa samaki mkavu mmoja na pilipili. Lakini alipokwisha kupakua hakwenda zake. Alivuta kigoda akaketi upande wa pili wa meza, mikono juu ya magoti, hali wala hasemi sana. Nilipomwambia kwamba asijisumbue, akapumzike, alinijibu kwamba mgeni hali akitazamana na ukuta. Tangu siku ile sijapata kuingia mahali pa kula nikaanza na neno la chakula.

Kwa hiyo salamu itangulie. Haigharimu kitu, na katika Kasongo ya misikiti na makanisa mtu hakosi salamu ya kumfaa aliye mbele yake: salamu alaikum kwa mwenye kofia, habari za kazi kwa asiye nayo, na “mama” kwa kila mwanamke aliye kwenye vyungu, hata akiwa ni mdogo kwako kwa miaka kumi, kwa sababu jina hilo ni la cheo na umri haumo. Kijana anayehudumu mwite ndugu au mdogo wangu, na msichana mwite dada. Kuna neno moja ambalo nawasihi wasomaji walizike. Wazee wetu waliotumika katika nyumba za Wabelgiji waliitwa boi, mtu mwenye mvi akaitwa kwa jina la mtoto mbele ya watoto wake, na nimewasikia watu weusi wenye viatu vizuri wakiita “boi!” katika mikahawa ya leo, wasijue wanachokitamka, au wakijua, jambo ambalo ni baya zaidi. Mluzi, kupiga kidole, na kugonga bilauri kwa kijiko ni ndugu za neno hilo. Inua mkono kidogo, mtazame mtu, ngoja. Atakuja.

Baada ya salamu, bei. Wako wanaoona kwamba kuuliza bei ni dalili ya umaskini, nao ndio hao wanaogombana mwisho wa chakula. Katika malewa bei hufuata kitoweo, na kitoweo hufuata kipande; kichwa cha samaki hakiwi sawa na mkia, na mama akifunua chungu kukuonyesha, hiyo ndiyo karatasi yake ya vyakula, nawe una haki ya kuinamia ukaelekeza kidole: hicho, pamoja na sombe, na mchuzi usiwe mwingi. Sema bei ikubalike kabla upawa haujazama. Uwe na faranga ndogo ndogo, kwa kuwa noti kubwa mapema asubuhi humfanya mama akimbie kwa majirani watatu kutafuta baki, na wakati huo moto hauna wa kuutazama. Ukiwa na dola, zitazame vizuri kabla hujaketi. Noti iliyochanika pembe hata kwa upana wa ukucha haipokelewi na mtu, nawe ukimpa mhudumu noti ya namna hiyo baada ya kushiba unamweka kati ya mgeni na tajiri wake, mahali ambapo hapamfai mtu mnyonge.

Kuketi nako kuna namna. Benchi la malewa ni la watu wote, na mlaji pekee asitandaze mfuko wake kama mtu awekaye mpaka wa shamba. Maji ya kunawa yatakuja katika birika na beseni, pengine yakimiminwa na mtoto wa mama. Toa mikono yote miwili, sema asante, na usimfanye asimame na birika zito huku ukimaliza habari zako za simu. Na hapa ndipo inapokuja ile desturi njema ambayo mtu wa mji mkubwa huisahau: ukianza kula na mtu akipita karibu au akiketi mkabala nawe, mwambie karibu. Yeye atakujibu asante, endelea, na hatagusa. Maneno haya mawili hayapunguzi tonge lako hata moja, ilhali yanaondoa ile shaka ya uchoyo niliyoitaja hapo juu. Na mara moja kwa nyingi mtu huyo atakuwa mwenye habari ya njia unayoitafuta, au mwenye pikipiki iendayo huko uendako kesho.

Utaulizwa maswali. Unatoka wapi, unakwenda wapi, umefikia kwa nani, una watoto wangapi. Mgeni aliyezoea miji isiyojali mtu huona kwamba anapekuliwa. Naomba akumbuke kwamba nchi hii imepitiwa na vita zaidi ya mara moja katika umri wa watu walio hai, kwamba kuna dhahabu huko Namoya inayowavuta watu wa kila namna, na kwamba mtu asiyejulikana, aliyeketi peke yake, asiyesema neno, si jambo dogo kwa mama ambaye watoto wake wanacheza hatua tano kutoka hapo. Kuuliza ni haki ya mwenyeji, na jibu fupi la kweli latosha. Wewe nawe waweza kuuliza: sombe imetwangwa na nani, samaki huyu anaitwaje huku, mvua imeanza lini. Lakini mshahara wa mhudumu, mume wa mhudumu, na sababu ya mhudumu kutokuwa shuleni, hayo si maswali ya mezani. Na usidhani kwamba tabasamu lake ni mkataba. Ametabasamu kwa sababu ana adabu.

Hili la mwisho linanipeleka kwenye habari ya mwanamke alaye peke yake, ambayo waandishi wengi wanaume huipitia mbio. Mwanamke mfanya biashara atokaye Kasongo kwenda Kabambare na mizigo yake ya nguo au chumvi ana njaa ile ile ya mwanamume, lakini akiketi mezani peke yake humwagikiwa na macho, na mara hutokea mtu wa kumlipia soda ambayo hakuiomba. Wanawake wa njiani niliozungumza nao wana hila zao, nami nazieneza kwa idhini yao: hula mchana kuliko usiku, huchagua malewa yenye mama kuliko chumba chenye vijana, huketi upande wa vyungu, karibu na mpishi, ambapo mazungumzo ya wanawake wawili huwa ukuta, na soda isiyoombwa huirudisha haijafunguliwa, kupitia kwa mhudumu, kwa neno moja tu la asante. Lakini haifai mzigo wote huu uwe juu ya kichwa chake. Mwenye mkahawa anao wajibu wa kumpa mwanamke huyo meza nzuri isiyo mlangoni, kumhudumia kwa zamu yake bila kungoja kuona kama mumewe anakuja, na kumwambia yule mwenye soda, kwa sauti ya kusikika, kwamba hapa watu wanakula.

Katika mwezi wa Ramadhani ukikuta pazia limeshushwa au vyungu vimefunikwa mchana, usibishe mlango kwa nguvu. Msafiri ana ruhusa yake ya kufungua, na asiye Mwislamu hana saumu ya kufunga, lakini kuna tofauti kati ya kula na kulia watu njiani. Omba chumba cha ndani, au chukua chakula uende nacho. Jioni ya mwezi huo, kwa upande mwingine, ni vigumu kwa mgeni kula peke yake Kasongo hata akitaka.

Sasa niseme juu ya malalamiko, nami nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Katika mkahawa mmoja niliwahi kuletewa hesabu ya sahani mbili hali nilikuwa mtu mmoja. Nikapandisha sauti. Nikauliza kama wanadhani wageni hawajui kuhesabu. Nikasema maneno kuhusu wizi, ambayo sitayarudia. Msichana aliyekuwa akinihudumia aliinamisha macho, asijibu, akaenda kumwita mwenye nyumba. Naye akaja, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono kuelekea nje, ambapo chini ya mwembe kijana wa pikipiki aliyenileta alikuwa anapangusa sahani yake kwa kidole. Mimi ndiye niliyesema, nilipokuwa nashuka, “na huyu mpeni chakula.” Nilikuwa nimesahau kabisa. Nikalipa, nikamnong'oneza yule msichana kwamba anisamehe. Na nilipokuwa njiani ndipo nilipotambua kwamba tusi nililitoa kwa sauti ya watu wote na msamaha nikauomba kwa sauti ya mtu mmoja. Nilirudi kesho yake nikaomba tena, mbele ya walaji. Alicheka, akaniletea chai.

Tangu hapo kanuni yangu ni kwamba neno la kasoro hulisemea karibu na sikio la anayehusika, kabla sijala nusu ya kitu chenyewe, na kwa namna ya swali. “Dada, samaki huyu mbona kama hajaiva katikati?” humpa mtu nafasi ya kurekebisha bila kuvuliwa nguo mbele ya wageni. Chakula kikiwa kimeharibika kweli, usile, usilipe kwa woga, wala usitangaze. Mwite mwenye mahali, mwonyeshe. Kikiwa hakikupendezi tu, hilo ni jambo kati yako na ulimi wako.

Kuna na watoto. Mlaji pekee, hasa mwenye viatu, huwavuta watoto wawili watatu ambao husimama umbali wa adabu na kutazama mkono wako ukienda na kurudi. Wengine huwafukuza, wengine, kwa huruma iliyokosa mazingatio, huwasukumia sahani yenye mabaki na mifupa. Mimi naona heri umwite mama, umwulize kwa siri kama anawajua, ununue sahani moja ya wali na maharagwe, na kumwachia yeye namna ya kuwapa, maana yeye anajua nani ana njaa na nani ametoka kula kwao sasa hivi na amekuja kutazama mgeni. Mara nyingi atakuambia wa tatu ni mwanawe.

Na mwisho wa chakula huja matabishi. Neno hili tumelirithi kutoka kwa Wareno, ambao kwao maana yake ni kuua mdudu, yaani kile kinywaji cha asubuhi cha kumnyamazisha mnyoo wa tumboni. Likapita njia za biashara mpaka likawa kwetu jina la zawadi ndogo apewayo mtu juu ya haki yake. Watu wa pwani wana bakshishi yao. Katika malewa matabishi si lazima, kwa kuwa mama mwenyewe ndiye tajiri, naye hupendelea urudi kesho na mwenzako. Ukitaka kumshukuru, sifu pilipili yake. Katika nyumba yenye wahudumu, wape, lakini wape walio kazini: kijana aliyekuletea maji, na kama waweza, yule wa jikoni ambaye hukumwona. Weka fedha mkononi mwake kwa mkono wa kulia, pamoja na neno. Kuziacha chini ya sahani kama kitu kilichokudondoka humfanya aziokote kama mtu aliyezifuma. Na kumwonyesha tangu mwanzo kwamba unazo, ili akukimbilie kuliko wengine, ni kununua watu. Ukiwa huna, usiseme uongo kwamba utaleta kesho. Sema asante, umepika vizuri. Wahudumu wengi wa Kasongo wamewahi kupewa noti bila neno, na neno bila noti, na wengi wao watakuambia kipi kilikaa zaidi.

Jambo dogo lililobaki ni la sahani yenyewe. Nimewaona wageni wema, hasa waliokaa Ulaya, wakiinuka na sahani zao kuzipeleka jikoni, wakidhani wanampunguzia mtu kazi. Iache mezani, ukae kidogo. Anayekuja kuiondoa anakuja pia kukuuliza kama umeshiba.